Tumemdhulumu kibarua, kisha tunamwita mvivu



 

Wiki hii nataka kuzungumzia jambo tunalolitenda kila siku majumbani, madukani na hata misikitini, lakini tumezoea kulitazama kwa upande mmoja tu. Kila ninapokaa na ndugu zetu wenye uwezo kidogo, iwe hapa Tarime ninapofundisha, iwe Musoma, Mwanza au Dar es Salaam, nasikia malalamiko yale yale. Vijana wa siku hizi hawataki kazi. Dada wa kazi ni mvivu. Kijana wa dukani hana moyo. Kibarua usipomsimamia anakaa. Sikumbuki hata siku moja kumsikia mlalamikaji akijiuliza: je, mimi nimempa haki yake?

Silisemi hili kwa kumnyooshea mtu kidole. Naanza na nafsi yangu.

Yaliyonikuta katika ujenzi wa madrasa

Mwaka 2021 tulikuwa tunajenga chumba cha madrasa. Waumini walichanga, na mimi nilipewa dhamana ya kutunza fedha na kulipa vibarua. Tulikuwa na fundi mmoja, mzee wa Kiislamu mwenyeji wa Ujiji, na saidia fundi wawili. Mmoja alikuwa kijana wa Kiislamu, mtoto wa mmoja wa waumini wetu. Wa pili alikuwa kijana wa Kikurya kutoka kijiji cha jirani, si Muislamu. Wote wawili walikuwa wakikoroga saruji, wakibeba tofali na kuchota maji.

Wiki mbili za mwanzo kazi ilikwenda vizuri mno. Yule kijana wa Kikurya alikuwa akifika kabla ya fundi. Nilipopita asubuhi kwenda shuleni nilikuta pipa la maji limeshajaa na mchanga umeshachekechwa. Fundi alikuwa akipanda kozi baada ya kozi bila kusimama kusubiri tofali.

Wiki ya tatu mambo yakabadilika. Kijana akawa anafika saa mbili. Akitumwa maji, analeta ndoo moja, kisha anakaa juu ya kichuguu cha mchanga kusubiri atumwe tena. Hakuiba kitu wala hakumjibu mtu vibaya. Alifanya kile alichoambiwa, na hakuzidisha hata hatua moja. Nikakasirika. Nikamwambia fundi kwamba watu wa hapa ndivyo walivyo, wakishapata fedha kidogo wanalegea. Fundi akanitazama, akasema: "Mwalimu, huyu kijana hajachoka. Huyu amechukia."

Alichukia nini? Nilikuwa nikimlipa shilingi 8,000 kwa siku, na yule kijana wetu nikimlipa 10,000. Hakuna aliyeniamuru. Nilijiambia tu kwamba huyu ni kijana wetu, mtoto wa muumini, fedha ni ya Waislamu, si vibaya imnufaishe Muislamu. Jumamosi moja vijana wale wawili walikwenda pamoja kula, wakahesabu fedha zao juu ya meza moja, siri ikafichuka.

Na nieleze pia jambo lililonifedhehesha zaidi. Yule kijana wetu niliyempendelea hakuongeza hata ndoo moja kwa ile 2,000 ya ziada. Nilinunua uvivu wa mmoja bila kupata bidii ya mwingine. Baada ya wiki sita kijana wa Kikurya akaondoka bila kuaga.

Si wivu, ni mizani

Huenda msomaji akasema kwamba huo ni wivu tu, na mfanyakazi anatakiwa kuridhika na alichokubaliana. Nami nilijitetea hivyo hivyo. Lakini kuna jambo lililoivunja hoja yangu. Fundi alikuwa akilipwa 25,000 kwa siku, zaidi ya mara tatu ya kijana yule, na wote walilijua hilo tangu siku ya kwanza. Sikumsikia kijana akinung'unika hata mara moja juu ya fedha ya fundi. Alikuwa akimwona fundi anavyopiga timazi na kunyoosha ukuta, akajua ile fedha ina sababu. Kilichomuuma ni ile 2,000 isiyokuwa na sababu.

Kwa hiyo binadamu hawadai kwamba wote walipwe sawa. Wanachodai ni kwamba tofauti iwe na haki ndani yake. Hata Qur'an, katika Suratul-An'aam aya ya 132, inatufahamisha kwamba watu wana daraja mbalimbali kulingana na yale waliyoyatenda. Daraja inakwenda na amali. Haiendi na ujamaa wala sura.

Wachumi nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1990, George Akerlof na mkewe Janet Yellen, wote wawili wachumi wa Marekani, waliandika kwamba mfanyakazi huwa na kiwango moyoni mwake anachokiona kuwa ni haki, na akilipwa chini ya kiwango hicho hupunguza bidii kwa kadiri alivyopunjwa. Miaka ya karibuni watafiti watatu walifanya majaribio katika viwanda vidogo jimbo la Odisha, India, wakayachapisha mwaka 2018. Waliajiri wafanyakazi 378 kwa muda wa mwezi hivi. Katika baadhi ya vikundi watu waliofanya kazi ile ile walilipwa viwango tofauti. Waliojikuta chini ya wenzao walipunguza kazi, na wengine wakawa hawafiki kabisa kazini, japo kutofika kuliwakosesha mshahara wa siku hiyo. Lakini pale ilipoonekana wazi kwamba aliyelipwa zaidi anazalisha zaidi, kazi haikuathirika.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka fundi wetu wa Ujiji. Hakusoma uchumi, lakini alikuwa ameshaniambia.

Mtume (s.a.w.) na baba yake Nu'man

Sisi Waislamu tulikuwa na somo hili kabla ya wachumi. Nu'man bin Bashir (r.a.) amesimulia kwamba baba yake alimpa zawadi. Mama yake, Amra binti Rawaha, akakataa kuridhia mpaka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Baba akaenda kwa Mtume (s.a.w.), akaulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wa hicho. Akajibu hapana. Mtume (s.a.w.) akakataa kuwa shahidi, akamhimiza amche Allah na afanye uadilifu baina ya watoto wake.

Katika moja ya mapokezi ya Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alimuuliza mzee yule kama angependa watoto wake wote wawe sawa katika kumtendea wema. Mzee akasema ndiyo. Basi akaambiwa asifanye hivyo.

Tulizingatie swali hilo. Mtume (s.a.w.) aliunganisha mambo mawili: namna unavyogawa na namna utakavyotendewa. Ukitaka wema wao wote, wape wote haki. Huwezi kumpendelea mmoja, kisha ukategemea wote wakutumikie kwa moyo ule ule. Hiyo ni kwa watoto wa kuzaa, ambao damu inawafunga kwako. Sembuse kibarua asiyefungwa nawe na chochote isipokuwa ujira wake?

Na kwa wale wanaosema, kama nilivyosema mimi, kwamba asiye Muislamu hana haki sawa katika mali ya Waislamu, wasome Suratul-Maidah aya ya 8. Mwenyezi Mungu (s.w.) ametukataza kuacha uadilifu hata kwa watu ambao tuna uhasama nao. Yule kijana hakuwa hasimu yangu. Alikuwa akibeba tofali za madrasa yangu. Ukiacha sheria ya Allah, hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya nchi yetu inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, kabila au jinsia. Jambo ambalo dini na sheria ya nchi vyote vinalikataza, mimi nililifanya nikidhani natetea Uislamu.

Haki si neno la kitabuni huku kwetu

Wasomaji wa mijini wanaweza kudhani watu wa huku hawajali hesabu ndogo ndogo. Ukweli ni kinyume chake. Tarime kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara huko Nyamongo, uliofunguliwa mwaka 2002. Wilaya ya Serengeti inapakana na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1951. Panapotoka dhahabu na wanapopita watalii, mazungumzo ya watu ni nani kapata nini na kwa sababu gani. Hata wakubwa wamevutana. Mwaka 2019, baada ya mgogoro mrefu kati ya Serikali na kampuni, iliundwa kampuni ya Twiga Minerals, Serikali ikawa na hisa asilimia 16. Ikiwa serikali na makampuni wanakaa mezani kwa ajili ya mgao, kwa nini tunashangaa kibarua wa 8,000 anapouhesabu wake?

Wakurya wana desturi ya kulimiana mashamba kwa zamu, wanayoiita risaga. Leo majirani wanalima kwa fulani, kesho kwa mwingine, na mwenye shamba anawaandalia chakula na kinywaji. Pombe inayonyweka humo hatuikubali, lakini mizani yake ina funzo. Hakuna anayelipwa fedha, na bado watu wanalima kwa nguvu na kwa nyimbo, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake itafika na atarudishiwa jasho lake. Anayekwepa zamu za wenzake, siku yake ikifika hubaki na jembe lake peke yake.

Nilikwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, kwa ajili ya darsa. Kijana mmoja anayefanya kazi katika kambi ya watalii alinieleza habari ya sanduku la bakshishi. Mgeni akiondoka anatumbukiza fedha humo, na wafanyakazi wote wanagawana: mhudumu anayeonekana na mgeni, mpishi, mfua nguo, mlinzi wa usiku. Mwanzoni, alisema, sanduku lilifunguliwa mbele ya wote na fedha ikahesabiwa kwa sauti. Kisha ufunguo ukabaki kwa mtu mmoja, na mgao ukawa unatolewa ndani ya bahasha. Hakuna aliyethibitisha kwamba fedha imeibwa. Ila mfua nguo akaacha kuwahi, mpishi akaacha kuuliza mgeni anapenda nini. Waliporudisha utaratibu wa kufungua sanduku mbele ya watu, kazi ikarudi. Nikamkumbusha aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'an. Inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Mola wetu anajua kwamba shaka peke yake inatosha kuharibu mioyo.

Na tusiishie kwa wafanyakazi wa kuajiriwa. Katika milima ya Tarime watu wanalima kahawa. Mama mmoja ambaye watoto wake nawafundisha aliniambia kwamba yeye ndiye anayepalilia na kuchuma, lakini ikishauzwa, fedha yote inaingia mfukoni kwa mumewe na hasikii tena habari yake. "Sasa mwalimu," akasema, "kahawa naipalilia ili tusigombane. Mihogo na mahindi ya watoto ndiyo naipalilia kwa moyo." Mumewe anasema mke wake hapendi kazi. Laiti angekwenda kutazama shamba la mihogo, angeona kazi ya mkewe! Suratun-Nisaa aya ya 32 inaeleza kuwa wanaume wana sehemu ya walichokichuma, na wanawake nao wana sehemu ya walichokichuma. Ni waume wangapi wa Kiislamu tunaoisoma aya hii na tukaitekeleza siku ya mauzo?

Umar (r.a.) alimtazama mwajiri kwanza

Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha watumwa wa Hatib bin Abi Balta'a. Waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Wakaletwa kwa Khalifa Umar (r.a.), naye akaamuru wakatwe mikono. Kisha akasita. Akamgeukia Hatib, akamwambia anaona kwamba yeye huwaacha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia thamani yake, akasema ni dirham 400. Umar (r.a.) akamwamuru Hatib alipe 800.

Tazama hukumu hiyo. Kosa lililoonekana lilikuwa la watumwa. Lakini Umar (r.a.) hakuishia kwenye kosa lililoonekana. Alitafuta lilikozaliwa, akalikuta nyumbani kwa bwana wao, akamtoza mara mbili. Sisi dada wa kazi akivunja kikombe tunakata mshahara wake, lakini ni nani anayeuliza analala saa ngapi na anaamka saa ngapi? Mwalimu wa madrasa akichelewa kamati inamjadili, lakini ni kamati ngapi zinajadili kwamba miezi mitatu hajalipwa, huku fedha ya zulia jipya imepatikana?

Na mfanyakazi naye

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Muislamu akipunjwa basi anaruhusiwa kuiba muda au kuharibu kazi. Suratul-Mutaffifin inawatahadharisha kwa adhabu kali wale ambao wakipimiwa wanataka kamili, na wakiwapimia wengine wanapunguza. Maneno hayo yanamgusa mwajiri anayetaka saa zote za kazi na kutoa nusu ujira. Yanamgusa pia mfanyakazi anayetaka mshahara kamili na kutoa nusu siku. Uliyepunjwa, dai haki yako waziwazi, tafuta msuluhishi, au uondoke kwa amani. Ukikaa na kulegea kimya kimya, unaipoteza amana yako na mwajiri wako hajifunzi chochote.

Lakini pia mwajiri asijifiche nyuma ya maneno haya. Kumhimiza aliyedhulumiwa afanye kazi kwa ikhlasi, huku wewe umeshika haki yake mkononi, ni kuifanya dini kuwa mjeledi. Katika Hadithul-Qudsi aliyoipokea Imam Bukhari, Allah (s.w.) ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Ni nani kati yetu anayeuweza ugomvi huo?

Deni la shilingi 72,000

Fundi aliponiambia maneno yale, sikurekebisha. Niliona haya, na kijana akaondoka nikiwa bado najitetea. Baadaye nilikuwa nikifundisha darasani ile hadithi ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe, kila mmoja akaomba kwa amali yake njema. Mmoja aliomba kwa sababu alitunza ujira wa kibarua aliyeondoka bila kuuchukua, akauzalisha mpaka ukawa mifugo. Siku kibarua aliporudi kudai, alimkabidhi vyote. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Ustadhi, na asiyeutunza akikwama pangoni ataomba kwa lipi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilipiga hesabu. Siku 36 mara 2,000 ni shilingi 72,000. Nilizitoa mfukoni mwangu, kwa sababu kosa lilikuwa langu na si la waumini waliochanga. Nilimpata kijana yule Nyamongo, akifanya kazi kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Nilimweleza mbele ya wenzake kwamba nilimpunja na kwamba nimekuja kulipa. Alizihesabu zote. Akasema: "Mwalimu, ile elfu mbili nilikuwa naihesabu kila siku. Nilikuwa najiuliza nimekosea wapi." Nikamwambia hakukosea popote. Nikamwomba arudi, tulikuwa tunataka kupiga lipu. Akakataa kwa adabu, nami sikumlaumu.

Mpaka leo neno linaloniuma ni hilo la kujiuliza amekosea wapi. Mtu aliyekuwa akijaza pipa la maji alfajiri alikuwa akitafuta kosa lake, na kosa lilikuwa ndani ya daftari langu.

Basi ndugu zangu, kabla hujatamka tena neno mvivu, fanya mambo matatu. Kwanza, fungua daftari lako uone kama wanaofanya kazi sawa unawalipa sawa, na kama kuna tofauti, je, unaweza kuitaja sababu yake mbele yao wote bila kuona haya? Pili, lipa kwa wakati na mbele ya macho, kwani Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tatu, kama kuna mtu uliyempunja na akaondoka, mtafute ungali hai naye angali hai. Huko mbele hakuna shilingi, na malipo yatakuwa ni mema yetu.

Ewe Mola wetu, tusaidie kuwapimia watu kama tunavyopenda kupimiwa, na utusamehe pale tulipopunguza.

Wabillahi tawfiq.